Matanga Mawili, Jiwe Moja

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Damari mlangoni, mkono wake bado umeinuliwa kubisha hodi, na mlango umefunguliwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimtupia udongo kaburini miezi minane iliyopita. Waliokosa gazeti la wiki jana wasihangaike. Mtu huyo ni mama yake.

Mama Scholastika alisimama kizingitini na ungo wa uwele mkononi. Alikuwa yule yule, hata kovu la mafuta ya moto kwenye kiganja lilikuwa mahali pake. Kitu kimoja tu kilikuwa kigeni, nywele. Mama aliyezikwa alisukwa kila Jumamosi bila kukosa. Huyu nywele zake zilishuka mpaka mabegani, zimesokotana zenyewe, zimejaa mvi na majivu.

Damari alifungua mdomo. Maneno aliyoyaandaa miezi minane yalimkimbia yote, likabaki lile alilofundishwa kabla hajajua kukimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alitazama njia, huku na huku. "Ingia upesi. Hapa wewe ni marehemu. Majirani wakikuona watakimbia waache watoto."

Aliingia. Mlango ukafungwa kwa komeo. Hapo ndipo mama alipoweka ungo chini, akamshika mwanawe mashavu kwa viganja viwili, akalia bila sauti, machozi yakidondoka kwenye uwele. Damari naye alilia. Tusiwaharakishe, msomaji. Mtu hapati nafasi hii kila siku, na wengi wetu hatuipati kabisa.

Kwa faida ya mgeni wa hadithi hii, niseme mambo matatu haraka haraka. Ukoo wa Mama Scholastika una jiwe lake nyuma ya mashamba ya Kinampanda, kubwa kuliko nyumba. Mtu wa damu yao akilizunguka kwa kushoto anatokea Kinampanda nyingine, yenye watu wale wale ila mambo yamekwenda vingine. Akilizunguka kwa kulia anarudi kwao.

La pili, jiwe halimpitishi mtu ambaye mwenzake yu hai upande wa pili. Mwenzake akifa, nafasi inabaki wazi.

La tatu ndilo lenye uchungu. Nafasi hiyo hufungwa siku matanga yanapoanuliwa. Mfiwa mkuu akishanyoa nywele, amekubali kuwa mtu wake amekwenda, na jiwe nalo linakubali. Baada ya wembe hakuna rufaa.

Ndiyo maana Damari alimsihi baba yake, mzee Festo, asinyoe. Miezi minane mzee alikaa na nywele za msiba, huku kwa desturi ya ukoo ule mfiwa asiyenyoa haruhusiwi kushika mbegu. Mvua zikaja. Wenzake wakapanda alizeti na uwele, shamba lake likaota magugu. Asubuhi ya leo mjomba Abraham, kaka wa marehemu, alifika na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Damari akamwambia baba yake, "Nipe mpaka jua litue," akaondoka mbio kuelekea jiweni.

Sasa yuko hapa, na jua halimngoji mtu.

"Mama, jifunge khanga twende," alisema akifuta pua. "Nimekuja kukuchukua."

"Kunichukua?" Mama alikaa polepole kwenye kigoda. "Mimi nilidhani umekuja kukaa."

Walitazamana. Nje kuku alikuwa anawaita vifaranga vyake.

"Miaka mitano sijanyoa," mama alisema. "Damari wangu alikufa mwezi wa tatu, akijifungua. Gari la kumpeleka hospitali ya Kiomboi lilizama kwenye matope, tukamshusha njiani. Yeye na mtoto wakaenda siku moja. Watu wakanyoa, mimi nikakataa. Nikasema upande wa pili kuna Damari mwingine, siku moja atapata shida ya mama, atakuja. Nikinyoa nitamfungia. Wakaniona mwehu. Mchungaji amekuja mara tatu kuniombea. Miaka mitano sijashika mbegu, huu uwele unaouona ni wa kupewa."

Damari alikuwa amejiona shujaa kwa miezi minane.

"Kwa hiyo wote wawili tulikuwa tunangojana," alisema mwishoni.

"Tena kila mmoja amemwekea mwenzake nafasi upande wake." Mama alicheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. "Hakuna msiba usio na mwenzie, mwanangu. Wa kwako ni mimi na wa kwangu ni wewe."

"Basi twende. Baba anakungoja."

Mama aliinuka, akasogeza pazia la chumba cha ndani.

Kitandani alikuwa amelala Festo. Si yule aliyeachwa nyumbani na nywele za msiba, huyu ni mwenzake. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, upande wa kulia ukafa na maneno yakaenda nao. Alipomwona Damari, jicho lake la kushoto lilipanuka, mkono mzima ukaanza kutafuta juu ya blanketi mpaka ukapata vidole vya binti yake. Ulivishika kwa nguvu ambayo mgonjwa hapaswi kuwa nayo.

"Shikamoo, baba."

Mdomo ulipinda, ukatoa sauti bila neno. Damari alielewa kuwa ile ni marahaba.

"Namlisha, namgeuza, namwosha," mama alisema akiwa amesimama mlangoni. "Nikiondoka na wewe leo, kesho saa hizi atakuwa anaita na hakuna atakayesikia. Niambie nimwache na nani."

Damari alikuja kuchukua mama, akasahau kuwa mama huyu ni mke wa mtu.

Akakaa pembeni ya kitanda. Alichoka ghafla, kwa namna ambayo hakuwahi kuchoka hata siku ya mazishi. Akatoa simu mfukoni, maana hakujua mikono yake iende wapi, na kwenye kioo ikatokea picha ya msichana wa miaka mitano mwenye pengo mbele, amekumbatia jogoo.

"Huyu nani?" mama aliuliza.

"Sara. Binti yangu."

Ungemwona mama yule. Alishika ukuta.

"Kumbe alikuwa wa kike," alisema kwa sauti ndogo. "Wa kwangu hawakuniambia kuwa ni wa kike. Walimfunga kwenye kitenge pamoja na mama yake, mimi nilikuwa nimeanguka chini. Hakupewa jina. Hata matanga hatukumwekea, kichanga hakiwekewi matanga." Akaichukua simu. "Anakula nini? Anaogopa nini? Usiku analala na nani?"

Damari alimweleza. Anapenda mlenda kuliko nyama. Anaogopa ngurumo. Alikuwa analala na bibi yake mpaka wiki ambayo bibi alifariki, na tangu hapo anaamka akimwita. Baba yake alikwenda Kintinku kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine.

Mama alisikiliza kila neno kama mtu anayeelekezwa njia. Damari alipotaka simu yake, ilibidi aichomoe taratibu kutoka kwenye vidole vya mama.

Na hapo, wasomaji wangu, Damari akafanya kosa. Sitamlaumu, na nyinyi msimlaumu kabla hamjajiuliza mngefanya nini mbele ya mama aliyefufuka.

"Nitakaa," alisema.

"Unasemaje?"

"Nitakaa hapa. Nitakusaidia na baba. Baadaye nitarudi nimchukue Sara, tuishi wote. Nafasi yangu si iko wazi? Wewe mwenyewe umeiweka wazi."

"Na Festo wa kule?"

Damari aliinamisha kichwa.

"Mume wangu yule," mama alisema, "maana ni mume wangu pia kwa namna fulani, amezika mke. Sasa umtoroke na wewe, kisha urudi umchukue mjukuu? Atakaa na nani jioni? Atahesabu mabati?"

"Mama, mimi siwezi kukuzika mara ya pili."

Lilikuwa neno la kweli, na mama alilisikia hivyo. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ile ya kumtuma mtu chumvi, "Uji uko jikoni. Mlishe baba yako, mimi natoka kidogo uani."

Damari alifurahi. Alidhani mama amekubali. Akachukua bakuli, akakaa kitandani, akaanza kumlisha mzee kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu na kumsimulia habari za kilimo cha mwaka huu. Mzee alimeza, jicho lake halikumwacha.

Alifika nusu ya bakuli mzee alipoacha kumeza.

Jicho lilikuwa bado linatazama, lakini halikumtazama yeye. Lilitangatanga ukutani, darini, kwenye mto. Mkono wake ukaanza tena kutafuta juu ya blanketi. Ukapita kwenye goti la Damari bila kuligusa.

"Baba, niko hapa."

Mzee hakusikia. Alikuwa anamtafuta mtu aliyekuwepo sasa hivi.

Damari alitoka mbio mpaka uani. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia, beseni la maji mbele yake, na pembeni rundo la nywele za miaka mitano. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha. Wembe ulikuwa unaendelea na nusu ya pili. Alijikata sehemu mbili, damu ilishuka nyuma ya sikio, na hakuifuta.

"Mama, unafanya nini?"

"Naanua matanga."

"Acha. Mama, tafadhali acha."

"Nimeshaanua, mwanangu, hapa nasawazisha tu." Alichovya wembe kwenye beseni. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimeuishi miaka mitano, najua unavyomla mtu. Una mtoto kule anayeamka kuita. Ameshamkosa bibi, hatamkosa na mama kwa sababu mimi nilikuwa na njaa yako. Nenda. Ukoo wetu husema mtu wa kule akisha kuanuliwa matanga, wasio wa damu hawamwoni tena, naye ana muda wa chungu kuchemka tu. Nenda kabla jiwe halijakusahau."

Damari alipiga magoti kwenye maji ya kunyolea. Aliomba, alilaumu, alisema maneno ambayo hayafai kuambiwa mzazi. Mama alimaliza kunyoa. Aliosha uso, akajifunga khanga, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayeenda shule siku ya kwanza.

"Twende nikusindikize."

Walikwenda kwa njia ya nyuma, katikati ya mabua makavu. Damari alikuwa anahisi kiganja cha mama kinazidi kuwa chepesi ndani ya kiganja chake, mpaka walipofika jiweni alikuwa ameshika joto tu.

"Unaniona bado?" aliuliza.

"Nakuona. Damu ni damu." Mama alikaa kwenye kijiwe cha chini, kipara chake kinang'aa juani. "Nitakaa hapa nikusikilize hatua. Ukipotea ndipo nitarudi kwa baba yako. Usigeuke, maana ukigeuka nami nitainuka."

Damari alilizunguka jiwe kwa kulia. Hakugeuka. Alikuwa analia hivi kwamba alipapasa jiwe kwa mkono kama kipofu. Katikati ya mzunguko alisikia changarawe zinaporomoka upande wa pili wa jiwe, na hatua ndogo za haraka. Pimbi, aliwaza. Jiwe lile limejaa pimbi. Akaendelea.

Akatokea kwao.

Jua lilikuwa limebakiza kama mkono mmoja juu ya vilima. Nikikimbia nitawahi, alijiambia. Mama wa kule hawezi kuja, lakini nitamwambia baba asinyoe, tutafute njia nyingine. Moyo wa mfiwa ni mbishi hivyo.

Aliingia uani anahema. Cha kwanza alichokiona kilikuwa kichwa cha baba yake, cheupe, kimepakwa mafuta. Mjomba Abraham alikuwa anaosha wembe.

"Baba, tuliagana mpaka jua litue."

"Ni kweli tuliagana," mzee Festo alisema.

"Ni mjomba amekulazimisha."

"Hapana, mama. Usimguse mjomba wako kwa hili." Mzee alimwita mama, kama alivyozoea kumwita binti yake tangu utotoni. "Ulipoondoka nilikaa nikafikiri. Kule kuna mwanamume mwenye jina langu. Ukimleta mama yako, yule mwenzangu ataamkia nini? Mimi naijua nyumba isiyo na Scholastika. Naijua kila kona. Nikaona siwezi kumpa mtu mwingine nyumba ile. Nikainamisha kichwa mwenyewe."

Damari alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Upande huu mwanamume alimwonea huruma mwenzake asiyemjua, upande ule mwanamke alimwonea huruma mtoto asiyemjua, na kati ya huruma hizo mbili yeye akakosa mama mara mbili kwa siku moja. Alitaka kukasirika na mtu. Hakupatikana wa kukasirikiwa.

Baba yake akaja akakaa chini pia, mzee mzima, kwenye vumbi, akamweka kichwa begani. Walilia pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, maana miezi minane yote walikuwa wanangoja badala ya kulia.

"Alikuwa mzima?" mzee aliuliza baadaye.

"Mzima. Mwenzako ni mgonjwa, anamtunza."

"Ndivyo alivyo," mzee alisema.

Mjomba Abraham alikohoa. "Sasa mama, inuka unyoe na wewe. Kisha mtoto. Tumalize jambo hili kukiwa na mwanga."

"Sara yuko wapi?"

Mzee Festo aliinua kichwa.

"Si umerudi naye?"

"Baba, mimi nilikwenda peke yangu."

"Alikuwa hapa tulipoanza kunyoa," mzee alisema, akianza kuinuka. "Alipoona kichwa changu alilia. Alisema anakwenda jiweni kukungoja, aje akuambie babu ameharibika. Nikamwacha, nikajua hapo ni karibu, na jiwe haliwezi kumpitisha."

"Kwa nini haliwezi?" Damari aliuliza.

"Mwenzake kule si atakuwa hai?"

"Mwenzake alikufa, baba. Siku aliyozaliwa, yeye na mama yake."

Mjomba Abraham aliacha kuosha wembe. Katika watu wote pale yeye ndiye aliyelelewa kwenye sheria za jiwe.

"Aliwekewa matanga?" aliuliza.

Kichanga hakiwekewi matanga. Damari alilisikia tena neno hilo kwa sauti ya mama yake, na zile hatua ndogo upande wa pili wa jiwe akazisikia tena. Hazikuwa za pimbi. Yeye alikuwa anazunguka kwa kulia, na mwanawe, anayechezea popote penye kivuli, alikuwa anazunguka kwa kushoto.

Walikimbia wote watatu. Mzee Festo alianguka mara mbili kwenye matuta.

Damari alifika wa kwanza, akalizunguka jiwe kwa kushoto. Akatokea palepale alipoanzia. Akazunguka tena. Palepale. Matanga yake kule yalikwisha kuanuliwa, na mwenye kuyaanua alikuwa mama yake mwenyewe.

Mjomba Abraham naye alijaribu, ingawa alijua. Mwenzake wa kule yu hai, anafuga ng'ombe. Jiwe likamrudisha. Mzee Festo si wa damu, kwake lile ni jiwe tu. Alilipiga kwa ngumi.

"Nyamazeni," Damari alisema.

Alibandika sikio kwenye jiwe. Aliyefungiwa njia huweza kusikia yaliyo upande wa pili ilimradi yako karibu, ila yeye hasikiki. Ilimjia sauti ya upepo. Kisha sauti nyembamba aliyoizaa mwenyewe.

"Bibi? Kwa nini na wewe umenyoa?"

Damari aliisikia pumzi ya mama yake, ileile aliyoisikiliza kitandani usiku wa mwisho.

"Sara," mama alisema. Halikuwa swali.

"Bibi, ulikuwa wapi? Nilikuita."

"Nilikuwa hapa, mjukuu wangu. Nilikuwa hapa siku zote."

"Mama yuko wapi?"

"Amerudi nyumbani."

"Na mimi nataka kurudi."

Damari aliita kwa nguvu zote, mwambie azunguke kwa kulia, mama, mwambie kwa kulia, akapiga jiwe mpaka kiganja kikachubuka. Upande wa pili hakusikia hata mbuzi. Kilichokuwepo ni kimya cha mwanamke aliyekaa miaka mitano na tumbo la njaa, na aliyekwisha kutoa leo kila alichokuwa nacho.

Kisha khanga ikasikika ikikung'utwa vumbi, kama mtu anavyofanya anapoinuka kwenda.

"Njia imefungwa, mwanangu," Mama Scholastika alisema taratibu, ilhali alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kwa Sara haikuwa imefungwa. "Nipe mkono twende. Babu yako anangoja uji."